Mtoto Asiyeweza Kutoa Makohozi

(Hotuba kwa wajumbe wa kamati za afya za parokia)



Nianze na swali. Mtoto wa miaka miwili anakohoa wiki ya tatu sasa, uzito hauongezeki, na babu yake anatumia dawa za kifua kikuu. Anapelekwa zahanati, wanaomba makohozi. Atayatoaje? Mtoto mdogo hajui kutema makohozi, huyameza.

Kwa miaka mingi njia mojawapo iliyobaki ilikuwa kumpitishia mpira puani hadi tumboni, alfajiri kabla hajala, ili kuvuta alichomeza usiku. Mara nyingi ilibidi alazwe. Mtoto analia, mama naye analia. Duniani watoto zaidi ya milioni moja huugua kifua kikuu kila mwaka, na wengi hawagunduliwi.

Lakini makohozi yaliyomezwa hayapotei. Hupita tumboni na kutoka kwenye choo, yakiwa na vinasaba vya vijidudu vya kifua kikuu. Ndiyo maana mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza choo kitumike kupima watoto wa chini ya miaka 10 kwa mashine ya GeneXpert, kwa kipimo cha Ultra. Kinahitajika kiasi kidogo tu. Hakuna sindano wala mpira, na mashine hutoa jibu ndani ya saa mbili.

Tusidanganyane, hata hivyo. Mashine isipoona vijidudu, haina maana kwamba mtoto ni mzima, kwa kuwa watoto huwa na vijidudu vichache. Daktari bado anaweza kumwanzishia dawa kwa kuangalia dalili na historia ya nyumbani.

Sasa kazi yetu. Mashine iko hospitali, mama yuko kijijini. Naomba kila kamati ifanye mambo matatu:

1. Kila nyumba yenye mgonjwa wa kifua kikuu, ulizeni habari za watoto wote.
2. Tengeni nauli ya kufikisha mtoto au sampuli hospitali.
3. Waelezeni akina mama mapema kwa nini choo kinaombwa, wasione aibu wala kushuku ushirikina.

Wafadhili wetu, nauli hiyo ni ndogo kuliko jeneza la mtoto.