Kupunguza Mwendo wa Kazi Si Uvivu



Leo nataka kusema nanyi juu ya jambo ambalo wengi wetu hulidharau, nalo ni kupata mengi katika kazi kwa kufanya machache. Najua wako watakaocheka. Tangu utotoni tumefundishwa ya kwamba mtu wa kazi ni yule atokaye jasho, na kwamba atafutaye njia nyepesi ni mvivu. Lakini jasho ni dalili ya kuwa nguvu imetumika. Halitwambii kama imetumika vema au imepotea bure.

Nitawapa mfano wa kazi ambayo kila mtu ameiona, yaani kujenga ukuta wa matofali. Kazi hiyo ni ya kale sana, na mafundi wamerithishana kwa maelfu ya miaka. Nani angalidhani kuwa limebaki jambo la kutengeneza?

Mwaka 1885, katika mji wa Boston huko Marekani, kijana aitwaye Frank Gilbreth alianza kujifunza uashi, naye umri wake ulikuwa miaka 17. Alipotazama mafundi waliomfundisha aliona ajabu, maana kila mmoja alikuwa na namna yake ya kuweka tofali. Tena fundi yule yule alitumia namna moja alipofundisha, na nyingine alipofanya kazi kwa haraka. Basi kijana akaanza kutafuta ni ipi iliyo bora.

Siku zile matofali na chokaa viliwekwa miguuni pa fundi, hata kila tofali likamlazimu kuinama. Tofali lenyewe lilikuwa na uzito wa ratili 5 hivi. Lakini fundi hakuinua tofali peke yake. Aliinua pamoja nalo mwili wake mwenyewe, ulio mzito mara nyingi kuliko tofali. Akafanya hivyo mara elfu moja hivi kwa siku. Jioni alipokwenda kwake amechoka, sehemu kubwa ya uchovu ule haikuongeza hata tofali moja ukutani.

Dawa aliyoitoa Gilbreth haikuwa kuongeza bidii. Alitengeneza jukwaa lililopandishwa kadiri ukuta ulivyopanda, lenye meza ya kuwekea matofali na chokaa karibu na mkono wa fundi. Kibarua aliyachagua matofali mapema, akayapanga upande ulio mzuri ukielekea panapotakiwa, ili fundi asipoteze wakati kuyageuzageuza. Chokaa ilichanganywa kwa kipimo, hata tofali likakaa mahali pake kwa kusukumwa na mkono tu, bila ya kugongwagongwa kwa mwiko. Na mikono yote miwili ilifanya kazi pamoja: wa kushoto ulishika tofali wakati wa kuume ulipokuwa ukichota chokaa.

Matokeo yake yaliandikwa na Mmarekani mwingine, Frederick Taylor, katika kitabu chake cha mwaka 1911. Miendo ya mwili kwa kila tofali ilikuwa 18, ikapunguzwa hata ikawa 5. Kwa desturi ya zamani fundi wa upande ule aliweka matofali 120 kwa saa. Mafundi waliochaguliwa na kufundishwa na Gilbreth waliweka 350.

Hapa mfanyakazi ana haki ya kuuliza: Faida hii ni ya nani? Swali hilo si geni. Mwaka ule ule wa 1911, katika kiwanda cha silaha cha Serikali mjini Watertown, karibu na Boston, wafanyakazi waliacha kazi kwa sababu walisimamiwa na watu wenye saa mkononi waliowapima kila tendo. Mtu akipunguziwa miendo kumi na mitatu, kisha akaongezewa mzigo mpaka mgongo uume kama zamani, huyo hakusaidiwa. Nguvu iliyookolewa yapasa irudi kwa mwenyewe, ikiwa mshahara bora, au saa za kupumzika, au afya atakayozeeka nayo. Msimamizi asahauye neno hili asishangae watu wake wakificha maarifa waliyo nayo.

Nyumbani hakuna msimamizi mwenye saa, na faida yote ni yenu. Lillian, mkewe Gilbreth, alizaa watoto 12. Mumewe alipofariki mwaka 1924, yeye aliendelea na elimu ile ile, akaipeleka jikoni. Alionyesha kuwa vyombo vitumiwavyo pamoja vikiwekwa pamoja, mama huepushwa hatua nyingi kila siku.

Basi, mama, tazama jiko lako. Je, chumvi iko upande mmoja, mwiko upande wa pili, na maji nje? Bwana shamba, je, mpini wa jembe lako wakufaa kimo, au wakulazimisha kuinama kupita kiasi? Mwenye duka, sukari inunuliwayo siku nzima mbona iko rafu ya juu? Na karani, kwa nini jina moja laandikwa katika vitabu vitatu, na viwili havisomwi na mtu?

Chagueni kazi moja tu mnayoifanya kila siku. Hesabuni miendo yake yote, kisha ulizeni juu ya kila mmoja: Je, wahitajiwa kweli? Waweza kuunganishwa na mwingine? Chombo chaweza kusogezwa karibu? Usiohitajiwa uacheni, ijapokuwa babu zetu waliufanya. Nao walitumia akili kwa vifaa vya zamani zao.

Wahenga walisema akili ni mali. Mali hii hainunuliwi dukani, na aliye maskini anayo sawa na tajiri. Itumieni, ili jioni mbakiwe na nguvu za kukaa na watoto wenu.