Neno la Zamani na Kazi ya Leo

Leo tutafakari swali linalosumbua maofisi na maduka ya kisiwa chetu cha Mombasa: je, mwajiri amfukuze mtu kwa neno baya alilolisema zamani?

Tuchukue mfano. Miaka kumi iliyopita karani aliandika katika simu maneno ya kudharau kabila la wenzake. Leo mtu ameyafukua na kuyapeleka kwa mkubwa wa kazi. Wengine wanasema, "Atoke leo hii!" Wengine wanajibu kwamba yaliyopita si ndwele.

Hatusemi kwamba neno ni upepo tu. Tunakumbuka Likoni, Agosti 1997, wakati vipeperushi vya kuwafukuza watu wa bara vilipoandamana na mauaji. Aliyetukanwa asiambiwe tu asahau.

Lakini tukumbuke pia mwaka 1963. Mombasa iligawanyika juu ya Mwambao: wengine walitaka pwani ijitenge, wengine iungane na Kenya, na maneno makali yalisemwa. Hata hivyo, Oktoba mwaka ule, Bwana Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Bwana Mohamed Shamte, walipatana kwamba makadhi wabaki na mamlaka yao, na kwamba penye Waislamu wengi maofisa wa utawala wawe Waislamu kadiri iwezekanavyo. Walitazama jinsi watu watakavyoishi na kutumika pamoja kesho.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 41, nayo yataka mfanyakazi aelezwe kosa lake kwa lugha anayoielewa, asikilizwe, na awe na mwenzake kando yake, kabla ya kuachishwa kazi kwa kosa hilo.

Basi mwajiri na aulize: Je, mtu huyu bado anasema vile? Amekwenda kwa waliotukanwa kuomba radhi? Anawahudumia wote sawasawa? Kama bado anabagua watu dirishani, aondolewe. Hilo ni kosa la leo. Kama amegeuka, kuwanyima watoto wake chakula hakumponyi aliyeumizwa.

Mtume Paulo, katika barua yake ya kwanza kwa Timotheo, hafichi kwamba zamani alikuwa mtukanaji; lakini alikabidhiwa kazi. Sisi tulio na kazi za kugawa, tupime mtu kwa haki, tukimsikiliza yeye na aliyemuumiza.

Mungu awabariki.