Mtamba Asiyeonyesha Joto Si Tasa
Hotuba ya Katibu katika Sherehe ya Miaka Kumi ya Chama Kikuu



Katika siku kama hii ni desturi kutaja lita za maziwa tulizouza na fedha tulizopata. Mimi naomba nafasi kidogo nimtaje yule asiyetoa hata tone moja, naye ni mtamba. Kila ng'ombe wa maziwa alikuwa mtamba kwanza, na kila mtamba mzima anayeuzwa kwa mchinjaji kwa kudhaniwa tasa ni ndoo iliyomwagwa kabla ya kukamuliwa.

Wanachama wengi wa mwambao husema, "Mtamba wangu amekua, wala hataki dume." Malalamiko hayo huzidi wakati wa kaskazi, Desemba hata Machi, nayo hupungua kusi ivumapo. Jambo hilo lenyewe latuonyesha adui ni nani. Tasa wa kweli habadiliki kwa pepo.

Wafugaji wa Bara Hindi wanaijua sana taabu hii, kwa sababu mmoja wa wanyama wao wakubwa wa maziwa ni nyati wa kufugwa, ambaye si mbogo wa misitu yetu. Wafugaji wa Wilaya ya Kaira, huko Gujarat, walianzisha chama chao kikuu cha maziwa katika mji wa Anand mwaka 1946, na maziwa yao mengi yalikuwa ya nyati. Mnyama huyo ana ngozi nyeusi inayovuta jua, na tezi zake za jasho ni chache kuliko za ng'ombe. Ndiyo maana hupenda kuzama majini na matopeni. Katika miezi ya hari mitamba wake wengi huwa kama walionyamaza: hawalii, hawahangaiki, na ute wao ni kidogo. Wataalamu huiita hali hiyo joto la kimya. Yai hupevuka, lakini dalili hazionekani.

Mitamba wetu wenye damu ya ng'ombe wa Ulaya hupatwa na hali iyo hiyo. Mnyama aliyeelemewa na hari hupunguza kula ili asizidishe moto mwilini. Hapo homoni zitokazo kwenye ubongo kuamsha ovari hupungua, na ovari nazo hutoa kidogo ile homoni imfanyayo mtamba atake dume. Hivyo joto la jua huficha joto la uzazi. Hata akishika mimba, mimba hiyo changa huweza kuharibika katika siku za mwanzo kwa sababu ya hari.

Yatupasa basi kutenda mambo manne.

Kwanza, kivuli. Urefu wa banda uelekee mashariki na magharibi, paa liwe juu, na pande ziwe wazi upepo upite. Bati tupu huwaka; litandikwe makuti juu yake. Penye mwembe, mwembe usikatwe.

Pili, maji. Maji safi yawe mbele ya mtamba usiku na mchana. Kummwagia maji wakati wa adhuhuri hufaa mahali penye upepo. Katika banda lililozibwa huongeza unyevu tu.

Tatu, chakula. Apewe majani mabichi alfajiri, na tena baada ya jua kuchwa, maana ndipo hupata hamu ya kula. Asikose pumba, mashudu na chumvi ya madini. Tena mtamba hupevuka kwa uzito zaidi kuliko kwa umri. Asipandishwe kabla ya kufikia kama asilimia 60 ya uzito wa ng'ombe mzima wa aina yake.

Nne, macho. Siku za hari dalili hutokea zaidi usiku na alfajiri, tena kwa muda mfupi, na atazamaye mchana tu hataona kitu. Mtamba atazamwe alfajiri, jioni na kabla ya kulala. Je, ana ute mwangavu? Uke umevimba? Anakojoa mara kwa mara? Anasimama tuli wenzake wampandapo? Akionekana alfajiri, mhimilishaji aje jioni ile ile. Akionekana jioni, aje asubuhi ifuatayo. Tarehe iandikwe, na atazamwe tena kwa bidii tangu siku ya 18 hata ya 24, kwa kuwa mzunguko wake ni siku 21 hivi.

Sisemi kwamba hakuna tasa. Mtamba aliyezaliwa pacha na dume mara nyingi huwa tasa kweli, na wengine wana ugonjwa. Lakini hukumu hiyo ni ya Bwana Mifugo baada ya kumpima, wala si ya mchinjaji.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Naomba basi kila chama cha msingi kiwe na daftari la mitamba, lenye siku ya kuzaliwa, uzito, na kila tarehe ya joto. Kabla mtamba hajatolewa zizini kwenda machinjioni, daftari hilo lifunguliwe kwanza. Tukifanya hivyo, nyingi katika ndoo za miaka kumi ijayo zitatoka kwa wanyama ambao leo tunawakatia tamaa.