Pumba Tulizowaachia Kuku

(Mazungumzo ya asubuhi yaliyosomwa redioni. Yamechapwa hapa kwa ajili ya wale wasioyasikia.)

Ninyi mnaotusikiliza huku mkikoroga uji jikoni, karibuni. Asubuhi hii ni ya kwenu hasa, maana nataka tuzungumze juu ya unga.

Miaka kadhaa iliyopita nilisimama kwenye foleni ya kisiagi hapa kwetu Tassia, upande wa Embakasi. Walio wakazi wa Eastlands wanaujua mtaa wetu: nyumba za ghorofa zimesongamana, nguo zimeanikwa kwenye kila kibaraza, na huko chini ni maduka, vibanda vya sukuma wiki, na kisiagi kinachonguruma tangu asubuhi. Mbele yangu alikuwa mama mmoja mwenye gorogoro mbili za mahindi. Mwenye kisiagi akamwuliza, "Mama, tukoboe au tusiage hivi hivi?"

Mama yule aligeuka kwanza kutazama ni nani anayesikia. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Koboa, baba. Wageni wakiona ugali mweusi watasema tumeishiwa."

Basi mahindi yakakobolewa. Unga mweupe kama chokaa ukaingia katika mfuko wake, na pumba zikaanguka katika gunia lililokuwa kando. Kabla sijahudumiwa, akaja kijana mmoja anayefuga kuku, akalinunua gunia lile la pumba, akalibeba begani, akaenda zake akipiga mluzi.

Nilicheka moyoni, lakini sikuwa na haki ya kucheka. Zamu yangu ilipofika, nami nilisema, "Koboa."

Mwaka ule ule daktari aliniambia kwamba sukari imepanda katika damu yangu. Mimi nilikuwa mwalimu. Kwa miaka mingi nilikuwa nimeandika ubaoni kwamba wanga hutia mwili nguvu, na watoto wakanakili. Lakini sikuwa nimejiuliza hata siku moja wanga huo Muumba aliufunga ndani ya nini, wala kwa sababu gani.

Ndugu msikilizaji, hebu tuitazame punje moja ya mhindi. Jani la mhindi huchukua hewa ya ukaa kutoka angani na maji kutoka ardhini, na kwa nguvu za mwanga wa jua huvitengeneza kuwa sukari. Moja ya sukari hizo, iliyo sahili, huitwa glukosi. Ifikirie kuwa ni shanga moja ndogo. Mmea ukitaka kuweka akiba, huzitunga shanga hizo kwa maelfu katika nyuzi ndefu. Akiba hiyo ndiyo wanga. Kuna wanga wa uzi mmoja usio na matawi mengi, uitwao amilosi, na kuna ule wenye matawi kama mti, uitwao amilopektini. Ndiyo maana wanga ukitafunwa kwa muda mrefu huwa mtamu. Jaribu leo: tia tonge la ugali mdomoni bila mchuzi, utafune polepole usimeze. Baada ya kitambo utaonja utamu. Mate yako yamekwisha kuanza kuzikata nyuzi zile.

Sasa sikiliza jambo la ajabu. Mmea huo huo, kwa shanga zile zile za glukosi, hutengeneza pia kitu kingine kiitwacho selulosi. Hapa shanga hazikutungwa kwa namna moja na wanga: kila shanga imegeuzwa kichwa chini kuliko jirani yake. Ni tofauti ndogo tu ya kiungo. Lakini kwa sababu yake nyuzi hunyooka, hulaliana bega kwa bega, na kuwa imara. Hizo ndizo kuta za jani, za shina na za ganda la punje. Shati la pamba ulilovaa ni selulosi karibu tupu. Mate yetu hayawezi kukata kiungo hicho, wala tumbo letu haliwezi. Ng'ombe hula majani akanenepa kwa sababu tumboni mwake wamo vijidudu wasioonekana ambao humsaidia kuyavunja. Sisi hatukupewa tumbo la namna hiyo.

Basi mtu atauliza, na mimi pia niliuliza: ikiwa hatuwezi kuziyeyusha nyuzinyuzi hizi, zina faida gani? Si afadhali kuwapa kuku?

Kwa miaka mingi hata waganga wakubwa walifikiri hivyo. Waliohoji fikira hiyo walikuwamo watu waliofanya kazi hapa hapa Afrika Mashariki, na inafaa tuwakumbuke. Wa kwanza ni Dakta Hugh Trowell. Alifika Kenya mwaka 1929, na baadaye, mwaka 1935, akahamia Uganda, akatibu na kufundisha Kampala. Katika miaka yake yote huku aliona mara chache sana maradhi ambayo katika Uingereza yalijaza wodi. Mwaka 1956 yeye na mwenzake waliandika katika jarida la madaktari wa Afrika Mashariki habari za Mwafrika mmoja mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo. Tazama, mgonjwa mmoja tu alitosha kuwa habari ya kuandikwa! Baada ya kustaafu alirudi kwao, akawa kasisi. Lakini swali lile hakuliacha Kampala.

Wa pili ni Dakta Denis Burkitt, mtu wa Ireland, mpasuaji aliyekuwa na jicho moja tu, maana la pili alilipoteza utotoni. Alifika Uganda mwaka 1946, akafanya kazi Lira, kisha Mulago. Wengi wanamjua kwa uvimbe wa saratani ya watoto unaoitwa kwa jina lake, aliouandika mwaka 1958. Mwaka 1961, pamoja na madaktari wenzake wawili, alisafiri kwa gari kuukuu karibu kilomita 16,000, kutoka hospitali hadi hospitali, akiuliza ni wapi ugonjwa huo unapatikana na ni wapi haupatikani.

Aliporudi Uingereza mwaka 1966, aliitumia njia ile ile ya kuuliza maswali. Mwaka 1967 alikutana na Peter Cleave, aliyekuwa daktari wa jeshi la wanamaji, aliyekuwa akisema kwamba sukari nyeupe na unga mweupe ndivyo vinavyoleta maradhi mengi. Burkitt akaandikia hospitali nyingi za Afrika. Na tena, wasikilizaji msinicheke, yeye na wenzake walipima vinyesi vya watu. Mwaka 1972 walichapisha hesabu yao. Wanakijiji wa Uganda, waliokula vyakula vya shambani, walikuwa na choo cha zaidi ya gramu 400 kwa siku, na chakula kilipita mwilini kwa muda wa siku moja na nusu hivi. Waingereza waliopimwa walikuwa na choo cha gramu 100 hivi, na chakula kilichukua siku tatu au zaidi. Mwaka 1975 Burkitt na Trowell walitoa kitabu pamoja juu ya jambo hili.

Si kila alilofikiri Burkitt limethibitishwa, maana naye alikuwa mwanadamu. Lakini neno lake kubwa limesimama. Mwaka 2019 jarida la Lancet lilichapisha uchunguzi uliokusanya tafiti nyingi za miaka karibu 40. Ulionyesha kwamba waliokula nyuzinyuzi nyingi, wakilinganishwa na waliokula chache, walipatwa na maradhi ya moyo, kisukari cha ukubwani na saratani ya utumbo mpana kwa kiasi kilichopungua kati ya asilimia 15 na 30. Shirika la Afya Duniani nalo, mwaka 2023, lilishauri mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kila siku kutoka katika vyakula vyenyewe.

Zinafanyaje kazi? Nitataja mambo matatu.

Kwanza, nyuzinyuzi hushika maji. Choo huwa laini na kikubwa, na mtu haoni taabu chooni. Wako wazee wanaoteseka kimya kwa jambo hili kwa sababu wanaona haya kulisema. Mzee wangu, usione haya.

Pili, nyuzinyuzi ni mlango wa ghala. Wanga ukiwa uchi, kama ulivyo katika unga uliokobolewa na kusagwa laini, hukatwa upesi, na glukosi huingia katika damu kwa kishindo. Kongosho hulazimika kutoa insulini nyingi kwa haraka. Lakini wanga ukiwa bado umefungwa ndani ya kuta zake, kama ulivyo katika maharagwe, ndengu au mahindi mazima ya githeri, hutoka polepole, mmoja mmoja, kama watu wanaopita mlango mwembamba. Nazo nyuzinyuzi laini za maharagwe na za matunda, kama pektini, hufanya utelezi unaopunguza mwendo huo, tena husaidia kushusha kolesteroli.

Tatu, na hili ndilo lililonistaajabisha kuliko yote: kumbe nasi tuna wageni wetu, kama ng'ombe. Katika utumbo mpana wamo bakteria wengi mno. Tusichoweza kukiyeyusha sisi, wao hula sehemu yake, na katika kula kwao hutoa asidi ndogo ndogo. Moja huitwa butirati, nayo ndiyo chakula cha ngozi ya ndani ya utumbo wenyewe. Tukiwanyima pumba, tunawanyima wageni wanaotulipa kodi.

Katika kitabu cha Danieli twasoma juu ya vijana wanne waliopelekwa Babeli, wakawekewa chakula cha meza ya mfalme. Danieli aliomba wajaribiwe siku 10 kwa vyakula vya shamba na maji. Biblia yetu ya Union Version inasema aliomba mtama. Mara nyingi tumelihubiri jambo hili kama habari ya ujasiri, na kweli ni ujasiri. Lakini fikirini ujasiri wa namna gani: kijana aliye ugenini, mezani pa mfalme, mbele ya watu wote, anaomba chakula cha maskini. Hakuogopa kwamba watasema ameishiwa.

Baada ya kusikia neno la daktari, nilirudi kisiagini. Mwenye kisiagi akaniuliza kama kawaida, "Mwalimu, tukoboe?" Nami, wapendwa, niligeuka kwanza nikatazama nyuma. Na nyuma yangu nani? Mama yule yule. Nikaona haya, kisha nikasema kwa sauti, "Usikoboe. Siaga hivi hivi."

Mama akaniuliza, "Mwalimu, kwani una nini?"

Nikamwambia, "Nina sukari, mama."

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, polepole sana, "Hata baba watoto anayo. Mwaka wa pili sasa. Hatujamwambia mtu."

Hapo nikafahamu kwamba kuna nyumba nyingi katika maghorofa yale ambamo mgonjwa hulishwa chakula cha kumdhuru kwa sababu ya macho ya jirani.

Basi tufanye nini? Sisemi mtu auache ugali. Hata ugali wa unga usiokobolewa bado ni wanga, na mwenye kisukari lazima apunguze tonge. Wala asiache dawa aliyopewa na daktari. Ninachosema ni hiki: punguza ugali, ongeza maharagwe, ndengu na mboga. Kikombe kimoja cha maharagwe yaliyopikwa kina gramu zipatazo 10 za nyuzinyuzi, au hata zaidi. Changanya unga wa wimbi na mtama katika uji, na usiujaze sukari. Kula chungwa lenyewe badala ya kulikamua na kutupa nyama yake. Ongeza kidogo kidogo, na unywe maji, ama sivyo tumbo litajaa hewa na utanilaumu mimi.

Tena angalia sana mahindi unayonunua. Yasiwe na unyevu wala kuvu. Tunakumbuka mwaka 2004 jinsi sumu ya kuvu ilivyoua watu 125 katika sehemu za mashariki mwa nchi yetu. Unga usiokobolewa hubeba ganda na kiini, basi mahindi yake yawe safi na makavu. Na kwa kuwa kiini kina mafuta, unga huo huharibika upesi. Saga wa siku chache tu.

Mama yule siku ile alimpa mwenye kisiagi gorogoro yake. Alipoulizwa, hakugeuka. Alisema, "Kama ya mwalimu." Yule kijana wa kuku aliyekuwa akingoja gunia lake alitutazama kwa masikitiko.

Ndugu msikilizaji, leo jioni utakapoketi mezani na watu wa nyumbani mwako, mtazame aliye mgonjwa kabla ya kumfikiria mgeni atakayekuja. Mwenyezi Mungu avibariki vyakula vyenu, na kuwapa afya njema. Mpaka tutakapokutana tena katika kipindi hiki, kwaherini.