Parafujo za Kufungia Mabati na Vyuma



Leo nataka kusema nanyi habari za kitu kidogo, nacho ni parafujo. Neno lenyewe babu zetu wa pwani walilipokea kwa Wareno; wengine husema skrubu, na ni mamoja.

Kila apitaye Kibera au Kawangware huona mabati, juu ya paa na ubavuni mwa nyumba. Mengi yamepigwa misumari juu ya mbao. Lakini siku hizi mafundi wengi husimamisha vibanda na mapaa kwa vyuma vya mraba, na hapo msumari haufai. Hapana budi kutumia parafujo. Basi mtu huingia duka la vyuma kandokando ya barabara ya Naivasha, akasema, "Nipe parafujo," asiseme ni ya kazi gani. Hapo ndipo hasara ianzapo.

Parafujo ya mbao ina ncha kali, na hesi zake, yaani ule uzi uzungukao mwilini mwake, zimeachana. Mbao ni laini, hukubali kuumwa. Chuma hakikubali. Ukiisukuma katika chuma, ncha hufa au kichwa hukatika, na fundi hulaumu bati.

Za chuma ziko namna mbili. Moja hutaka tundu litobolewe kwanza kwa keekee, nalo liwe jembamba kuliko upana wa hesi, ili hesi zijichimbie njia. Tundu likiwa pana, parafujo huzunguka bure. Ya pili ina ncha iliyo mfano wa ncha ya keekee, nayo hujitobolea yenyewe. Hii ndiyo ipendwayo na mafundi wa mapaa, tena ndiyo iwaponzayo wengi, kwa kuwa hawautazami urefu wa ile ncha. Yapasa iwe ndefu kupita unene wa bati na wa chuma kilicho chini yake, vyote viwili pamoja. Ikiwa fupi, hesi hulishika bati kabla ncha haijamaliza kutoboa chuma. Hesi huvuta upesi kuliko ncha iwezavyo kukata, na parafujo hukwama au huvunjika shingo. Mashine nayo isiendeshwe kwa mbio kupita kiasi, maana ncha hupata moto ikawa butu. Ikiisha kukazwa, hesi tatu kamili angalau na zionekane upande wa pili wa chuma.

Chuma chembamba hutaka hesi zilizoachana; kinene hutaka zilizokaribiana. Kinene sana, kama cha nguzo, kiachieni bolti na nati. Na msidanganyike kwa namba za mabati: bati la geji 32 ni jembamba kuliko la geji 28, ingawa wanunuzi wengi hudhani kinyume.

Sasa kutu. Bati limepakwa zinki, na zinki hukubali kuliwa yenyewe ili chuma kipone. Parafujo isiyopakwa, au iliyopakwa zinki nyembamba ya kazi za ndani, hushikwa na kutu mapema mvua za masika zikiipiga, na kutu hiyo huenea katika bati kuzunguka tundu. Parafujo ya shaba ni mbaya zaidi: shaba na zinki zikilowana pamoja, zinki huliwa upesi. Kwa kazi ya nje ulizeni iliyopakwa zinki nene, yenye washa ya raba chini ya kichwa. Raba hiyo ikazwe mpaka ianze kufura kidogo pembeni, basi. Ikikazwa mno hupasuka, na maji hupita palepale mlipotaka kuyazuia.

Upepo huliinua paa kwa nguvu zaidi pembeni na kwenye kingo kuliko katikati. Kwa hiyo huko parafujo zipangwe kwa karibu. Makina au Gatina bati lililong'oka haliangukii shamba tupu. Watoto wa jirani wanacheza hatua mbili kutoka hapo.

Tena kuna chembe za chuma zimwagikazo mtu atoboapo. Nyingi huachwa juu ya paa kwa kuwa ni ndogo. Mvua ya kwanza huzigeuza kutu, nazo hutia madoa katika bati jipya na kula rangi yake. Fundi na apande na ufagio, azifagie siku ile ile kabla hajashuka.