Habari ya Dawa Katika Zahanati Yetu
(Hotuba ya Kamati ya Afya iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Tumepewa kazi ya kusema mbele yenu juu ya hoja iliyoletwa na baadhi ya wanachama, ya kwamba Chama kitoe fedha katika Mfuko wa Msaada, kinunue dawa, na kuziweka katika nyumba ya Chama, ili zipatikane wakati zahanati imeishiwa. Hoja hii imetoka katika moyo mwema. Sote twajua jinsi mzazi anavyosimama dirishani na mtoto mgongoni, akaambiwa, "Dawa hii haipo, kanunue nje," naye hana hata nauli ya kurudi nyumbani. Kwa hiyo hatukuja kuwakemea walioileta. Twaja kueleza kwa nini twaomba mkutano usiikubali kama ilivyoandikwa, na njia gani twaiona kuwa bora.

Yafaa kwanza tujue dawa tunazozisema. Mwaka 1977 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya kwanza ya dawa muhimu, ambazo zilikuwa kama mia mbili tu. Maana yake ni kwamba nchi isiyo na fedha nyingi ianze na dawa zilizothibitika, za magonjwa ya watu wengi, na zenye bei inayoweza kulipwa. Nchi yetu haikuchelewa. Mwaka 1981 Kenya ilianza mpango wa kupelekea zahanati za mashambani masanduku ya dawa yaliyofungwa, yakiwa na dawa za namna moja. Mpango ule ulisaidia sana, lakini sanduku halijui kama mahali ni pa mbu au pa baridi. Palipo na malaria chache dawa zake zilibaki hata zikapitwa na wakati, na palipo na malaria nyingi zikaisha upesi. Ndiyo sababu baadaye ikaonekana bora kila zahanati iagize kwa kadiri ya mahitaji yake. Tangu mwaka 2013 kazi hiyo iko mikononi mwa serikali za kaunti.

Habari ya bei nayo inatufundisha. Mwaka 2000 dawa za kupunguza makali ya UKIMWI zilimgharimu mgonjwa mmoja zaidi ya dola 10,000 kwa mwaka. Mwezi wa Februari 2001 kampuni ya Cipla ya India ilitangaza kwamba ingeweza kuziuza kwa dola 350. Mwaka huo huo Bunge la Kenya lilipitisha Sheria ya Mali ya Viwanda, iliyofungua njia ya kuingiza nchini dawa za bei nafuu, baada ya wagonjwa na watetezi wao kusimama imara. Bei haikushuka kwa sababu kila kijiji kilichanga fedha zake peke yake. Ilishuka kwa sheria, kwa ushindani, na kwa kununua pamoja. Kwa busara hiyo ya kununua pamoja makanisa ya Katoliki na ya Kiprotestanti yalikuwa yamekwisha kuanzisha ghala moja la dawa mjini Nairobi mwaka 1986, liitwalo MEDS, ili hospitali zao zisiende sokoni moja moja.

Sasa tuitazame hoja yenyewe. Kwanza, Sheria ya Dawa na Sumu, Sura ya 244, hairuhusu mtu asiye na kibali kufanya kazi ya kuuza dawa, wala mahali pasipoandikishwa kuwa duka la dawa. Nyumba yetu ya Chama si mahali pa namna hiyo. Pili, sisi ni mnunuzi mdogo, nasi tutalipa bei ya rejareja. Tatu, dawa si mahindi ya kuwekwa ghalani. Oksitosini, sindano inayozuia damu isimwagike kwa mama aliyejifungua, yapasa kukaa katika baridi ya digrii 2 hadi 8. Ikikaa joto hupoteza nguvu yake, na kwa macho haionekani kuwa imeharibika. Tena dawa hubadilika. Klorokwini, tuliyoizoea miaka mingi, iliachwa kuwa dawa ya kwanza ya malaria mwaka 1998 kwa kuwa ugonjwa ulikuwa umeizoea. Mwaka 2004 serikali ikachagua dawa ya mseto, nayo ikaanza kugawiwa mwaka 2006. Asiye na ujuzi aweza kumpa jirani yake, kwa nia njema, dawa isiyomponya.

Basi kama dawa zipo duniani, na bei ya nyingi imeshuka, kwa nini dirisha letu liwe tupu? Sababu moja ni fedha. Kaunti nyingi zimekuwa na madeni kwa KEMSA, mamlaka ya umma inayonunua na kusambaza dawa, na mwenye deni hupelekewa mzigo kwa shida. Sababu ya pili haisemwi sana, nayo ni hesabu.

Tuchukue mfano. Tuseme zahanati hutumia dozi 60 za malaria kila mwezi, na mzigo huja kila baada ya miezi 3. Mahitaji yake ni dozi 180. Ikiongezwa akiba ya mwezi mmoja, zawa 240. Kama rafuni zimebaki 50, yapasa kuagiza 190. Lakini muuguzi yu peke yake, foleni imefika mlangoni, na kadi ya ile dawa haikuandikwa tangu mwezi uliopita. Huandika 100 kwa kukisia. Hapo atakuwa na dozi 150, nazo zitakwisha katikati ya mwezi wa tatu. Na ubaya hauishii hapo. Mzigo wa pili ukiagizwa kwa kutazama dozi zilizotolewa tu, bila kuhesabu siku ambazo dawa haikuwapo, hesabu itaonyesha 50 kwa mwezi badala ya 60. Hivyo zahanati iliyokosa dawa itaonekana katika karatasi kama zahanati isiyohitaji dawa, na itapelekewa pungufu zaidi. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Hatusemi haya kumlaumu muuguzi. Mtu mmoja hawezi kuzalisha, kuchanja, kufunga vidonda na kuhesabu vidonge kwa wakati mmoja. Twasema kwamba hapa ndipo msaada wetu unapohitajiwa.

Kwa hiyo twaleta mapendekezo manne.

La kwanza: Chama kipendekeze wanachama wawili wenye elimu ya hesabu, mmoja wao mwanamke, kwa kamati ya zahanati, kwa taratibu iliyowekwa. Kila mwezi waombe kuonyeshwa kadi za dawa kumi ambazo watu wetu wanazihitaji zaidi, na siku ambazo kila dawa ilikosekana ziandikwe.

La pili: kila mzigo unapofika, wajumbe hao wawepo, masanduku yahesabiwe mbele yao na kulinganishwa na hati ya mzigo, na kila upungufu uandikwe siku ile ile.

La tatu: Chama kisikose kupeleka wajumbe katika mikutano ya kaunti ya kusikiliza maoni ya wananchi juu ya bajeti. Katiba ya mwaka 2010, Ibara ya 43, yampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa. Tukifika na orodha ya siku ambazo dawa zilikosekana, tutasikilizwa kuliko tukifika na malalamiko matupu.

La nne: fedha za Mfuko zisinunue dawa za kuweka akiba. Ziendelee kumsaidia mwanachama aliyeandikiwa dawa isiyokuwapo, kwa kuonyesha cheti cha daktari na risiti ya duka la dawa lenye kibali. Sehemu ndogo itengwe kwa matengenezo ya jokofu la zahanati na wavu wa madirisha ya ghala lake, kwa idhini ya kamati.

Twajua kwamba njia hii ni ya polepole, nayo haitaijaza rafu kesho asubuhi. Kuna wazee watakaouliza, "Na mtoto atakayeugua usiku wa leo?" Swali hilo ni la haki, na ndiyo maana pendekezo la nne halikuufunga Mfuko. Lakini tukitumia akiba yetu yote kuwa zahanati ya pili, isiyo na mganga wala jokofu, tutaimaliza kabla ya mvua za masika, na zahanati ya kwanza itabaki kama ilivyo.

Bwana Mwenyekiti, twaomba mapendekezo haya manne yapigiwe kura moja moja, na majina ya wajumbe wawili yatolewe kabla ya mkutano huu kufungwa.