Shukrani Mbele ya Mashahidi: Namna ya Kumtambua Mfanyakazi Hadharani

Mada iliyoandaliwa kwa semina ya wamiliki na wasimamizi wa kazi, Kerege, Wilaya ya Bagamoyo



Nimeombwa nizungumzie namna ya kumshukuru mfanyakazi mbele ya wenzake. Waliopanga ratiba wameiweka mada hii kati ya mikataba ya ajira na chakula cha mchana, nadhani kwa kuamini kwamba ni jambo jepesi la kuwaamsha usingizini. Si jepesi. Katika sehemu nyingi za kazi nizijuazo, kukaripia hufanyika uani, kila mtu akisikia, na kushukuru hufanyika chemba, kwa sauti ya chini, utadhani bosi anakopa. Leo nataka kutetea kinyume chake, ila kwa sharti moja: shukrani ya hadharani ina uzito pale tu wanaoisikia ni watu wanaoijua kazi yenyewe.

Mfano wangu wa kwanza uko mwisho wa barabara hii tuliyojia. Februari 1874 msafara uliingia Bagamoyo ukiwa na maiti ya David Livingstone. Alifariki kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, tarehe 1 Mei 1873. (Tarehe 1 Mei, miaka mingi kabla haijawa sikukuu ya wafanyakazi.) Watumishi wake Susi, Chuma na wenzao waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga kwa gome la mti na kitambaa, wakaubeba miezi kama tisa hadi pwani. Baadhi yao walifia njiani. Walipofika Unyanyembe walikutana na Mwingereza, Luteni Cameron, aliyewashauri wamzike huko huko. Walikataa.

Bagamoyo walikabidhi mzigo, wakalipwa ujira wao, meli ikaondoka. Mazishi yalifanyika Westminster Abbey, London, tarehe 18 Aprili 1874, na Susi na Chuma hawakuwepo. Katika wale wabebaji alikuwepo Jacob Wainwright peke yake. Baadaye Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya Uingereza ilitengeneza medali za fedha zipatazo sitini, kila moja ikiwa na jina la mhusika wake. Lakini wahusika walikwisha kutawanyika, na wengi hawakuziona.

Nataka tuitazame habari hii kwa jicho la msimamizi wa kazi. Mshahara ulilipwa, na hilo ni jema. Medali zilitengenezwa, tena za fedha. Kilichokosekana ni mahali na watu. Kazi ile ilipaswa kusemwa Bagamoyo, siku ile ile, mbele ya wapagazi wengine waliojua uzito wa mzigo, njaa ya njiani na maana ya kumbeba maiti katika vijiji visivyotaka maiti ipite. London waliijua sifa ya marehemu. Hawakuijua kazi.

Tuje kwenye sherehe tunayoijua sote. Tangu enzi za chama cha wafanyakazi cha NUTA, kilichoundwa mwaka 1964, kupitia JUWATA na OTTU hadi TUCTA ya sasa, Mei Mosi imekuwa siku ya kudai na pia siku ya kutunuku. Wazee mliomo humu mtakumbuka zawadi za mabati, mifuko ya saruji, redio na baiskeli. Siku hizi ni friji, runinga, au ile hundi ya mfano inayoshikwa na watu wawili ili ienee kwenye picha. Manung'uniko kwamba hundi imepigwa picha na fedha haijafika hayakuanza jana.

Siidharau sherehe hii. Lakini uwanjani watu wanasubiri kitu kingine, na wana haki. Mwaka 2025 kule Singida, Rais Samia alipotangaza kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kuongezwa kwa asilimia 35.1, hiyo ndiyo habari iliyosambaa nchi nzima. Wafanyakazi hodari waliopanda jukwaani wanabaki kwenye albamu zao. Tena walivyopatikana tunajua: mwaka huu zamu ya masijala, mwakani uhasibu, mwaka wa tatu madereva wasije wakalalamika. Zamu huepusha ugomvi. Ila kila mtu ofisini anajua kuwa ni zamu, akiwemo aliyeshika cheti.

Linganisheni na ile ahadi ya Rais ya mwaka 2023, shilingi milioni 5 kwa kila goli la Simba na Yanga katika mashindano ya Afrika. Unaweza kubishana kama fedha ya umma ifanye kazi hiyo, na mimi ningebishana. Lakini hakuna aliyeuliza kwa nini timu fulani imepewa. Goli lilionwa na watu wote, mpira ukiingia wavuni. Tendo lilijulikana kabla ya zawadi.

Sehemu zetu za kazi hapa zina bahati hiyo hiyo kwa kipimo kidogo. Kerege ilikuwa moja ya skimu za majaribio za makazi mwanzoni mwa miaka ya 1960, na zao lake lilikuwa korosho. Leo ukipita kutoka Mapinga hadi Zinga unakutana na mabanda ya kuku, viwanda vya tofali, shule binafsi, nyumba za wageni, maduka ya vifaa vya ujenzi. Watu kumi hapa, ishirini pale. Wengi ni majirani, wanapanda daladala moja, wanazikana. Hawahitaji kuambiwa nani anafanya kazi. Wanasubiri kuona kama bosi naye anajua.

Hapo ndipo wengi wetu tunaanguka, kwa sababu hatujui. Chukueni kiwanda cha tofali. Mteja akija anamsifu mfyatuaji, na mwenye kiwanda anafuatisha, kwa kuwa mfyatuaji ndiye anayeonekana, jasho linamtoka, tofali zinajipanga. Lakini tofali la saruji linapata nguvu siku zinazofuata, likiwa linamwagiliwa maji. Kijana wa kumwagilia akiruka asubuhi moja ya jua kali la Januari, tofali litapasuka kwenye gari la mteja na lawama ataibeba mfyatuaji. Ukisimama mbele ya watu hao na kumsifu mfyatuaji kwa “juhudi na kujituma”, hujasema kitu. Ukisema, “Mwezi huu wote hakuna mteja aliyerudisha tofali, na nimeona ndoo zinapigwa hata Jumapili,” vichwa vitageuka kumtazama kijana wa maji, na mfyatuaji ndiye atakayeanza kupiga makofi.

Kwa hiyo taja tendo. Maneno kama hodari, mchapakazi na mfano wa kuigwa yamechoka. Yanafaa kwenye cheti, na cheti hakiulizwi maswali. Usingoje mwaka uishe, kwa kuwa mashahidi nao husahau au huacha kazi. Mahali panapofaa ni pale pale penye kazi, asubuhi kabla watu hawajatawanyika, dakika mbili zinatosha. Kundi la WhatsApp la kazini linaweza kusaidia, ingawa mara nyingi mlinzi na mpishi hawamo, na hao ndio wanaosahauliwa kwanza.

Sasa niseme jambo ambalo vitabu vya uongozi vya ng'ambo havilisemi. Sisi tuko Pwani. Hapa mtu akisifiwa sana mbele za watu, mama yake anaingiwa na wasiwasi. Kijicho kinaogopwa kweli kweli, na ninyi mnaocheka hapo nyuma mna vijana wenu waliokataa kupiga picha na zawadi. Msimwone anayekataa kuwa mshamba au mwenye kiburi. Mwulize kabla. Mkubaliane nini kisemwe. Shukuru na waliomsaidia, kwa kazi zao halisi, ili asisimame peke yake kama nguzo ya umeme. Na mtu akiitikia “Mashallah”, msimkatishe. Ndiyo njia ya wenzake kumwambia kwamba wamefurahi naye na hawamtakii baya.

Ukitoa fedha, usitaje kiasi. Bahasha iliyotangazwa saa tatu asubuhi inakuwa imekwisha kukopwa kabla ya adhuhuri: na shemeji, na fundi baiskeli, na mwenye genge. Tendo liseme hadharani, kiasi mpe mkononi. Mhasibu wako naye akumbuke kwamba zawadi itokanayo na ajira ni mapato ya ajira machoni pa Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, isije ikaonekana umempa mtu zawadi kisha TRA wakaigawana naye.

Kuhusu kukaripia hadharani nitasema machache, kwa kuwa historia imesema mengi. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, katika ibara ya 15, ulimkataza kiongozi majivuno, dharau na uonevu, na wafanyakazi wa viwandani Dar es Salaam waliishika ibara ile kwa mikono miwili. Migomo kadhaa ya miaka ile iliwalenga mameneja wenye matusi na dharau. Februari 2009 mkuu wa wilaya mmoja mkoani Kagera aliamuru polisi wawachape viboko walimu wa shule za msingi kwa matokeo mabaya ya mitihani. Rais Kikwete alimfuta kazi. Walimu wale walirudi kufundisha watoto wale wale, katika vijiji vile vile, ambako kila mtu alijua. Mashahidi wanaoipa shukrani uzito ndio hao hao wanaoufanya udhalilishaji usifutike. Mwenye kosa ana utaratibu wake katika kanuni za ajira: aelezwe tuhuma, apewe nafasi ya kujitetea, na hayo yafanyike ofisini.

Tukirudi kwenye shukrani, mwaka 1959 mwanasaikolojia Frederick Herzberg na wenzake walichapisha utafiti ambamo waliwahoji wahandisi na wahasibu wa Pittsburgh, Marekani, wakaona kwamba kutambuliwa humpa mtu ari kwa namna ambayo mshahara haumpi. Utafiti huo unapendwa sana na waajiri, na najua kwa nini. Tukumbuke tu kwamba mhasibu wa Pittsburgh alikuwa na mshahara wake mwisho wa mwezi. Kama michango ya NSSF umeikata na hujaipeleka, usisimame kumshukuru mtu. Kama amefanya saa za ziada, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka alipwe mara moja na nusu, na makofi hayamo katika hesabu hiyo. Wenzake wanajua unachodaiwa, na watakusikiliza huku wakihesabu.

Namalizia kwa swali ambalo ndugu mmoja wa banda la kuku ameniuliza mlangoni asubuhi hii: nikimsifu mbele ya watu, si atakuja kuomba nyongeza? Ndiyo, atakuja, na atakuja na ushahidi uliompa mwenyewe, na mashahidi kumi na wawili. Mkae naye chini, ufungue daftari la mauzo, umjibu kwa tarakimu.